Fizi za Mpiga Tarumbeta

Mume wangu nilimjua kwanza kwa sauti ya tarumbeta lake. Nilikuwa nimekwenda Igamba kwenye harusi ya binti wa shangazi yangu, mgeni kabisa huko, maana mimi ni Mnamwanga wa Ndalambo na Kinyiha chao nilikuwa naokota neno mojamoja. Kikundi cha matarumbeta cha kanisa kilisimama karibu na mlango. Wenzake walikuwa wanapuliza kwa nguvu, mashavu yamewavimba na jasho linawatoka. Yeye alikuwa ametulia kama mtu anayekunywa chai, na bado sauti yake ndiyo iliyokuwa juu ya zote. Baadaye aliponiletea soda alitabasamu, nikaona meno yake. Yalikuwa meupe, yamepangana vizuri, na midomo yake ilikuwa na alama ndogo ya duara pale kinapokaa kile kikombe cha kupulizia.

Baba yake ndiye aliyemfundisha. Mzee alipiga besi, lile tarumbeta kubwa ambalo mtu hulikumbatia, na alikiongoza kikundi tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Wiki nzima walikuwa kwenye kahawa na mahindi, Jumamosi mazoezi, Jumapili ibada. Msiba ukitokea kijijini, marehemu awe wa kanisa lao au la, watu walikuwa wanauliza kwanza kama matarumbeta watafika.

Tulipooana tukahamia Tunduma, tukapanga mtaa wa Chapwa. Yeye alipata kazi kwa wakala wa forodha, kazi ya kufuatilia nyaraka za malori yanayovuka mpaka. Mimi nikawa nauza vitenge sokoni. Kazi yake ilikuwa ya kusubiri zaidi kuliko kutembea. Lori linakaa kwenye foleni, dereva anatandika chini ya lori lake, na mtu wa wakala anakaa naye hadi karatasi zitoke. Katika kukaa huko ndiko alikojifunza sigara. Alivuta miaka kadhaa akidhani baba yake hajui, kumbe harufu ilikuwa inaingia naye mlangoni kila tulipokwenda Igamba. Siku moja mzee alimwita shambani, wakazungumza katikati ya kahawa, wawili tu. Sikusikia walichosema. Nilichoona ni kwamba mume wangu alirudi Tunduma akasema anaacha, na kweli pakiti sikuiona tena.

Aliacha kwa msaada wa vepu. Dereva mmoja wa Kizambia, waliyezoeana sana kwenye foleni, alimwonyesha kidude chake, kikubwa kidogo kuliko kalamu, akamwambia yeye sigara alishaziacha kwa hicho. Siku ileile mume wangu alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, akanunua cha kwake kwenye duka la vifaa vya simu. Alikuja nacho nyumbani amefurahi, akanieleza kwamba hakuna moto, hakuna majivu, hakuna moshi, ni mvuke tu wa maji wenye ladha. Chake kilikuwa cha embe. Chumba kikanukia embe, mashuka yakanukia embe, na mimi niliyekuwa nimechoka na harufu ya sigara nikaona mambo yamekaa sawa. Hata mzee alipoambiwa sigara zimeachwa, alishukuru sana mezani kabla ya kula.

Sigara mtu huwasha, ikaisha, akazima. Kile kidude hakikuwa na mwisho. Alikivuta akiwa ameketi kwenye kochi, akiwa chooni, akiwa anavaa viatu. Asubuhi, kabla hajanisalimia, niliuona ule mwanga mdogo ukiwaka kwenye ncha yake. Nilipomuuliza kama hazidishi, alisema mvuke hauna ubaya, na kwamba watu wanaofunua masufuria jikoni wanavuta mvuke mwingi kuliko yeye. Nilicheka. Tulikuwa tunacheka bado wakati huo.

Jambo la kwanza nililoliona ni kiu. Mume wangu hakuwa mtu wa maji, lakini sasa akawa analala na chupa kando ya kitanda, na asubuhi iko tupu. Alilalamika kwamba ulimi unamnata. Kisha pumzi yake ikabadilika. Chini ya lile embe kulikuwa na harufu nyingine, kama ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Nilimnunulia dawa nyingine ya meno, nikamwambia ile ya zamani nimeichoka. Hakushtuka. Alipiga mswaki haraka haraka kama kawaida yake, akatoka.

Halafu akaacha mahindi ya kuchoma. Kwetu huku, msimu wa mahindi mabichi ukifika, mtu asiyekula gobo lake, hindi zima la kuchoma, jioni watu humuuliza kama anaumwa. Yeye akawa anayapukuchua kwa kidole, punje chache chache, anatafuna upande mmoja. Nilimwambia afumbue kinywa nione. Fizi zilikuwa zimebadilika rangi, si nyekundu, ni kama zambarau iliyofifia, na meno mawili ya mbele juu yalionekana marefu kuliko nilivyoyazoea. Nilidhani meno yamekua. Sikujua kwamba ni fizi ndizo zinazorudi nyuma.

"Yanauma?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Ukipiga mswaki damu inatoka?"

"Haitoki. Ningekuwa naumwa ingetoka."

Tukaishia hapo. Wote wawili tulijua hivyo tu kuhusu fizi, kwamba mbovu hutoka damu, na zake hazikutoka.

Tarumbeta ndilo lililomshtaki. Mara moja kwa mwezi tulikuwa tunapanda Igamba, na yeye alikuwa bado anashika sauti ya kwanza. Wenzake wakaanza kugeuza macho wakati wa mazoezi. Sauti za chini alizipiga vizuri, lakini akipanda, pumzi ilikuwa inavuja pembeni ya mdomo kwa mlio mdogo kama wa tairi lenye tundu. Alisema ni kile kikombe cha kupulizia kimelika. Akaazima kingine, mambo yakawa yaleyale. Alisema ni vumbi la Tunduma limemkausha midomo, akawa anapaka mafuta. Nyumbani alifanya mazoezi amekaa kitandani, mgongo kwangu, na kila alipokosea alivuta vepu, akarudia.

Ilikuwa Pasaka iliyofuata. Desturi ya kanisa lao ni kwenda makaburini alfajiri, kusubiri jua hapo pamoja na waliolala, na matarumbeta ndiyo yanayofungua. Ukungu ulikuwa umelala kwenye migomba, watu wamejifunika blanketi na vitenge viwili viwili. Kikundi kikaanza. Ubeti wa kwanza alikwenda nao. Katika wa pili, pale sauti inapopanda, nilisikia mlio ule wa kuvuja, kisha sikusikia kitu. Alikuwa amelishusha tarumbeta. Wenzake waliendelea bila yeye, na wimbo ule bila sauti yake ya juu ulikuwa kama nyumba iliyoezuliwa. Mzee hakuacha besi. Alimtazama mwanawe juu ya ile shaba kubwa, akaendelea kupuliza hadi mwisho.

Kwa heshima za kule, mkamwana hazungumzi ovyo na baba mkwe. Miaka yote nilikuwa nazungumza naye nikiwa nimeinamisha uso, na mara nyingi kupitia mama mkwe. Asubuhi ile alinifuata mwenyewe jikoni, akasimama nje ya mlango.

"Mwanangu," alisema, "mpeleke kwa daktari wa meno. Mimi nikimwambia, atasema ni baridi tu."

Tulikwenda Vwawa, hospitali. Daktari wa meno alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye mikono midogo. Aliniruhusu nikae kwenye kiti cha pembeni. Alimlaza mume wangu, akawasha taa, akaanza kupitisha kifaa chembamba kando ya kila jino, akiingiza ncha yake kati ya jino na ufizi na kumsomea msaidizi wake alivyopima. Sikuelewa vile vipimo. Nilielewa uso wake. Aliyashika yale meno mawili ya mbele kwa vidole, taratibu, na nikayaona yakicheza.

Akamkalisha, akamuuliza kama ana kisukari. Mume wangu akasema hajui, na alipimwa palepale, hakuwa nacho. Akamuuliza kama anavuta sigara.

"Niliacha, daktari. Muda mrefu sasa."

Daktari akaandika. Nilimsubiri mume wangu aongeze neno. Aliangalia viatu vyake.

"Anavuta vepu," nikasema mimi. "Kutwa nzima."

Mume wangu hakunigeukia. Daktari aliweka kalamu chini akamuuliza, bila ukali wowote, kama ina nikotini. Alimjibu kwamba ndiyo, ile kali.

Alitueleza kwa utaratibu kama anazungumza na ndugu zake. Alisema fizi za mgonjwa wa namna hii zingetakiwa zitoe damu mapema, na damu hiyo ingemleta hospitali mapema. Lakini nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, kwa hiyo ugonjwa unakwenda kimya huku fizi zinaonekana tulivu. Alisema ule mvuke unakausha mate, na mate ndiyo yanayosafisha kinywa mchana na usiku. Kinywa kikikauka, wadudu wanapata nafasi, ukoga unaganda kuwa ugaga mgumu chini ya ufizi, na mfupa ulioshika jino unaanza kulika. Hapo ndipo jino linapolegea. Mume wangu alimuuliza kama basi ni vepu ndiyo iliyomfanyia haya. Daktari hakumdanganya. Alisema alivuta sigara miaka mingi kabla, mswaki wake ni wa haraka, na hakuwahi kusafishwa meno hata mara moja, kwa hiyo hawezi kukinyooshea kidole kitu kimoja. Mambo ya vepu bado yanachunguzwa, alisema, ni kitu kigeni. Lakini anawaona wavutaji wake wanavyokuja, na kinywa kama hiki hakitapona huku kinaendelea kupewa nikotini.

"Na mfupa?" mume wangu akauliza. "Unarudi?"

"Huo uliokwisha, hapana. Tunalinda uliobaki."

Kwenye gari la kurudi Tunduma aligeukia dirishani. Nilijua amekasirishwa na mimi kusema mbele ya daktari. Gari liliposimama njiani akanunua ndizi, akanimenyea moja, nikajua hasira imepungua.

Alisafishwa meno kwa awamu, upande huu leo, upande ule siku nyingine, kwa ganzi. Alirudi nyumbani amevimba, akala uji. Vepu aliiweka kwenye droo ya kabati. Nilimwona wiki zile akitembea chumbani kama mtu aliyepoteza funguo, akinifokea kwa chumvi, kwa maji, kwa mlango. Alikuwa anautoa mfukoni mkono ambao haukuwa na kitu, anaupeleka mdomoni, anaushusha. Kisha jioni moja nikarudi kutoka uani nikanusa embe. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, na hakuificha. Aliniambia sigara aliweza kuziacha kwa sababu alikuwa na hiki cha kushika, na kwamba hiki hajui atakiacha kwa kushika nini. Niliingia ndani nikaendelea kukunja vitenge.

Mzee alianza kuugua wakati kahawa inaiva. Ilikuwa mapafu, na ulikuwa mwezi wa baridi kali, baridi ile ya kwao Mbozi inayoingia hata kwenye maji ya kunywa. Tulipanda kila tulipoweza. Alikuwa amelala karibu na dirisha ili aone watu wakichuma. Siku ya mwisho tuliyomkuta anaongea, alimwomba mume wangu ampigie wimbo mmoja alioupenda, polepole, kwa sababu yeye besi hawezi kuishika tena. Mume wangu alitoka nje. Alikaa kitambo kirefu nyuma ya nyumba, na nilijua kwamba anajaribu mdomo wake. Aliporudi alimwambia baba yake tarumbeta amelisahau Tunduma.

Mzee alijua lipo. Alikuwa ameuona mfuko wake mlangoni tulipoingia. Alisema tu, "Haya, mwanangu. Siku nyingine." Akafumba macho.

Alifariki siku chache baadaye.

Siku ya mazishi walikuja wapiga tarumbeta wa makanisa ya jirani, na uwanja ulijaa. Kila mtu alitegemea kwamba mtoto wa marehemu ndiye atakayeshika sauti ya kwanza. Binamu yake, aliyekuwa akiipiga tangu Pasaka, alimfuata kabla jeneza halijatoka, akamwambia kwa upole kwamba wakitaka wanaweza kugawana, yeye achukue chini na binamu achukue juu. Mume wangu akakataa. Akasema baba yake atamzika mwenyewe.

Nilisimama na wanawake, mama mkwe ameniegemea. Alipuliza ubeti wote wa kwanza. Nilimwona anavyokikandamiza kile kikombe kwenye mdomo kwa nguvu ambayo hakuwahi kuitumia, yeye aliyekuwa anapuliza kama mtu anayekunywa chai. Sauti ilipanda, ikatetemeka, ikafika. Watu walikuwa wanalia. Mwanzo wa ubeti wa pili alisita, akainamisha kichwa, na binamu yake aliyekuwa pembeni akapokea palepale bila wimbo kukatika. Mume wangu akatoa leso, akaikandamiza mdomoni. Alibaki amesimama hivyo, tarumbeta mkono mmoja, leso mkono mwingine, hadi udongo ulipokwisha kurudishwa. Waliokuwa mbali walidhani anazuia kilio.

Kumbe jino moja la mbele lilikuwa limelala. Halikung'oka kabisa, lilikuwa limelala ndani kama mlango uliotoka bawaba. Vwawa walilitoa, na lile la pili wakalitoa baada yake, kwa sababu daktari alisema halina mfupa wa kulishika na kuliacha ni kuwaambukiza wenzake. Nilikuwa nje kwenye benchi. Alipotoka alikuwa na pamba mdomoni, akanionyesha kwa mkono kwamba twende.

Njiani pamba ilipokwisha kutolewa, ndipo alipoyazungumzia meno yake na mimi kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Halikuniuma," alisema. "Hata siku moja. Kama lingeniuma ningesikia."

Nilimshika mkono. Aliuacha kwangu, lakini alikuwa anaangalia nje, kwenye mashamba.

Aliacha vepu baada ya hapo. Hakutangaza wala hakuitupa mbele yangu, niliona tu kwamba haipo, na safari hii haikurudi. Ilimchukua muda mrefu kulala vizuri. Daktari alisema ameanza kuona fizi zikitoa damu kidogo anapopima, na akatufafanulia kwamba kwa mtu aliyeacha nikotini hilo hutokea, damu imerudi kwenye mishipa, na kwa mswaki mzuri itakoma. Ilikoma. Alitengenezewa meno mawili ya bandia ya kuvaa na kuvua. Ukimwona mpakani akiongea na madereva huwezi kujua. Ila akicheka anainua mkono mdomoni, na kwa hiyo amepunguza kucheka.

Alijaribu tarumbeta na meno yale. Yanasogea kikombe kikikandamizwa, na mdomo hauna ukuta wa kuegemea. Binamu alimshauri abadili, apige besi ya baba yake, ambayo kikombe chake ni kikubwa na hakikandamizi sana. Kikundi kilikuwa tayari kumfundisha. Alikwenda Jumamosi mbili. Jumamosi ya tatu tulipokuwa tunajiandaa kupanda, alisema ana lori la kulifuatilia, na mimi niliyejua hakuna lori sikubisha. Besi ipo kwenye stoo ya kanisa, imefunikwa gunia.

Sasa Pasaka zinapita tukiwa Tunduma. Tunasali kanisa la hapa hapa Chapwa, lenye kinanda na spika, na yeye hukaa safu za nyuma. Mama mkwe ananipigia simu kuuliza mbona hatupandi. Namwambia kazi za mpaka. Ananijibu anajua, kazi za mpaka ni nyingi, halafu kila mmoja anasikia pumzi ya mwenzake kwenye simu.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yake ya kusafishwa meno. Siku hizi nakwenda naye kila mara, nakaa kwenye kiti kilekile. Daktari alipima meno yaliyobaki, akasema hakuna lililozidi kulegea, na alionekana kufurahi. Mume wangu alimshukuru, akasuuza, akatema. Mlangoni tulipishana na kijana mmoja aliyevaa vizuri, shavu limevimba, na alipotupita nilinusa tikiti maji. Mume wangu alisimama. Nilidhani atamwambia kitu. Alimtazama yule kijana akiingia, mlango ukafungwa, akaniuliza kama nimebeba mwavuli, kwa maana mvua ilikuwa imeanza.